"Akamuone Mwanasaikolojia": Sawa, Ila Jioni Anarudi kwa Nani?

Stori hii unaijua, wala sihitaji kutaja jina. Hata ukinibana nitaje nitashindwa, maana si mtu mmoja. Ni staa wa kike, wa bongo muvi au bongo fleva, amezoea kuposti mara sita kwa siku. Ghafla wiki nzima kimya. Halafu anaonekana kwenye shughuli ya mtu saa tatu usiku, kavaa miwani ya jua. Siku mbili baadaye inavuja voisi, au picha ya jicho limevimba, au dada wa kazi kaongea na mtu aliyeongea na mtu. Mtandao unawaka. Siku ya tatu staa mwenyewe anatokea, kakaa pembeni ya mwanaume yuleyule, anasema ni mambo ya kifamilia, yamekwisha, aachwe na ndoa yake.

Sasa shuka kwenye komenti. Zamani ungekuta makundi mawili tu. La kwanza: "Kajitakia, si alifuata hela." La pili: "Pole dada, Mungu anakuona." Siku hizi limezaliwa kundi la tatu, na ndo limejaa vijana kama mimi na wewe. Hili linasema: "Akamuone mwanasaikolojia." "Huyu anahitaji terapi." Wengine wanatag kabisa kurasa za washauri, wale wenye picha ya kochi jeupe na maua ya plastiki.

Na mimi nimo kundi hilo, sijifichi. Ni afadhali mara mia kuliko "kajitakia". Ila juzikati nilikuwa saluni Mbagala Rangi Tatu, stori ya staa ikaibuka, watu wakaanza kutoa hukumu, na mimi nikajitia ujuaji. Nikawaambia kuna utafiti umefanywa hapo Nairobi, wanawake waliopitia ukatili wakapewa msaada wa kisaikolojia wiki tano tu, baada ya miezi mitatu wakapimwa, hali zao zilikuwa bora. Nilitegemea watu washangae. Dada mmoja alikuwa anasukwa kiti cha pili, kanga kajifunika mabegani na joto lote lile, akauliza bila hata kugeuza shingo:

"Na waume zao, hiyo miezi mitatu, walikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Msusi alicheka kidogo kisha akaacha kucheka. Nikarudi nyumbani nikausoma ule utafiti upya, safari hii nikilitafuta jibu la yule dada. Nikaendelea na mwingine, na mwingine. Nilichokuta ndo hiki, na nina maoni yangu juu yake.

Tuanze na huo wa Nairobi, kwa sababu ni mzuri kweli, na umetufanana kuliko chochote kilichofanywa London au Toronto. Ulichapishwa 2017. Wanawake 421 kutoka vitongoji vya Nairobi, wote walishapitia ukatili wa kijinsia na wote wakati huo walikuwa na dhiki ya moyo. Wakagawanywa kwa bahati nasibu, kama kurusha shilingi. Nusu walipewa msaada unaoitwa PM+, uliotengenezwa na Shirika la Afya Duniani: vikao vitano, kimoja kwa wiki, kila kimoja kama saa moja na nusu. Nusu nyingine waliambiwa hali zao na kuelekezwa kwa wauguzi wa vituo vya afya. Aliyekuwa anaongoza vikao hakuwa daktari wala mwanasaikolojia mwenye digrii ukutani. Alikuwa mhudumu wa afya wa jamii, mtu wa mtaani, aliyefundishwa na kusimamiwa.

Hivyo vikao si stori za kulia tu. Unafundishwa kupumua polepole kutuliza mwili. Unafundishwa kurudia vitu vidogo ulivyoviacha, kama kwenda kwa rafiki, kufagia uwanja, kurudi kwenye kikundi. Unatafuta nani wa kukushika mkono. Na unafundishwa kuyapanga matatizo yako mafungu matatu: yanayotatulika, yasiyotatulika, na yasiyo na uzito. Baadaye unalichukua moja linalotatulika unalifanyia kazi hatua kwa hatua.

Nilipofika hapo nikasimama. Mume anayekupiga unamweka fungu lipi?

Matokeo sasa. Walitumia maswali 12 ya kupima dhiki: unalala vizuri? unaweza kutuliza akili kwenye jambo moja? unajiona una thamani? Kipimo kinaanzia 0 mpaka 36. Baada ya miezi mitatu makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, ila la PM+ lilipata nafuu zaidi, tofauti ya pointi 3 na ushee. Kwa vikao vitano vya mtu asiye na digrii, hiyo si ndogo. Lakini angalia vizuri kilichokuwa kinapimwa. Kipimo kikuu kilikuwa dhiki ya moyo wa mwanamke. Walichoahidi kupima ndo hicho, na hicho ndo walichokipata. Kwamba kule nyumbani mkono ulishuka au uliendelea, hilo halikuwa ndo swali kuu la utafiti. Yule dada wa saluni alikuwa ameshika penyewe, kabla mimi sijafungua hata kurasa ya kwanza.

Kingine: kundi lisilopata PM+ nalo lilipata nafuu. Hili watu wa Insta hawalisemi kamwe. Mtu anayetafutwa wakati yuko chini kabisa, ukimpima tena baada ya miezi kadhaa, mara nyingi atakuwa amepanda kidogo hata kama hukumfanyia kitu. Ndo maana utafiti wowote usio na kundi la kulinganisha usiuamini haraka. Mshauri akikuposti "wateja wangu 9 kati ya 10 walijisikia vizuri", muulize taratibu: na wale ambao hawakuja kwako walijisikiaje?

Kuna utafiti mwingine unapenda sana kutajwa, wa Kongo, upande wa Kivu. Ulichapishwa 2013 na ukatikisa dunia ya wasomi wa mambo haya. Vijiji 15, wanawake 405 waliopitia au kushuhudia ukatili wa kingono. Vijiji saba wakapewa tiba ya mazungumzo ya kikundi, vikao kama kumi na mbili, ya kumfundisha mtu kuyaangalia upya yale mawazo yanayomla: "ni kosa langu", "mimi ni mchafu", "sifai tena". Vijiji vinane wakapewa msaada wa mtu mmoja mmoja kila alipouhitaji. Miezi sita baada ya tiba kwisha, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa kwenye kundi la tiba walikuwa asilimia 9. Kwenye kundi lingine, asilimia 42.

Soma tena hizo namba. Tisa kwa arobaini na mbili. Na walioongoza vikao ni wanawake wa kawaida, elimu yao miaka michache tu baada ya msingi, kwenye maeneo ambayo bunduki zilikuwa bado zinalia. Mimi huu utafiti naupenda. Siku nyingine mtu akikuambia "Waafrika mambo ya saikolojia hayatuhusu, sisi tuna familia", mpe huu.

Ila hata huu una mahali pa kuushika. Kwanza vilivyogawanywa kwa bahati nasibu ni vijiji, si mtu mmoja mmoja, na vijiji 15 si vingi. Kijiji kimoja chenye bahati au mkosi kinaweza kusogeza hesabu. Pili, na hili ndo kubwa kwangu, kubakwa na watu wenye silaha na kupigwa na mume si jambo moja. Vyote ni ukatili, ndiyo. Lakini mwanamke akiwa salama kidogo, tiba inamsaidia kuelewa kwamba hatari imepita na mwili wake bado unaogopa kitu kilichokwisha. Mwanamke wa Mbagala ambaye funguo itazungushwa mlangoni saa nne usiku, hofu yake siyo ugonjwa. Hofu yake inafanya kazi yake. Ukimfundisha asiogope, umemsaidia au umemwondolea mbwa mlinzi?

Sisemi tiba haiwafai walio bado ndani ya nyumba. Nasema ushahidi wa Kivu huwezi kuuchukua mzimamzima ukaushusha Temeke kama mzigo wa bandarini.

Mnaopenda kusema "tafiti zinaonyesha", kuna kazi moja inafaa muijue. Mwaka 2020 wataalamu wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti zote za jambo moja na kuzipepeta kama mchele, walitoa ripoti juu ya tiba za kisaikolojia kwa wanawake wanaofanyiwa ukatili na wenzi wao. Tafiti 33, wanawake 5,517, nyingi za nchi zenye hela. Walichokuta ni hiki: tiba inaelekea kupunguza sonona, na huenda inapunguza wasiwasi. Hawakuona dalili kwamba inawaletea madhara. Halafu ikaja sehemu ambayo haipostiwi. Kwamba inamwongezea mwanamke kujiamini, ushahidi hautoshi. Kwamba inaponya kiwewe, hautoshi. Kwamba inamfanya apange usalama wake, hautoshi. Kwamba inapunguza kupigwa tena, hautoshi.

"Hautoshi" si sawa na "haifanyi kazi". Ni "bado hatujui vya kutosha". Lakini sisi kwenye komenti tunaandika kama tunajua. Tunamwambia staa "nenda terapi utapata nguvu ya kuondoka", na akienda asiondoke tunamgeuzia kibao: "Si aliambiwa apate msaada, akili yake ndo imeharibika." Yaani tumechukua kitu kinachoweza kumsaidia alale usingizi, tukakigeuza mtihani mwingine wa kumfelisha.

Kuna jambo la pili linaloharibu haya mazungumzo hapa kwetu, na halina uhusiano na Cochrane. Ni neno lenyewe, "ushauri".

Ukimwambia mwanamke wa Kinondoni au Temeke "katafute ushauri", unajua anasikia nini? Anasikia kungwi. Anasikia kitchen party, shangazi kashika maiki anamwambia bi harusi kwamba mwanaume ni mtoto, mlee, na kifua cha mke ndo kaburi la siri. Anasikia wazee wa familia wamekaa sebuleni kwa baba mkubwa, soda zimefunguliwa, wanamuuliza "na wewe ulimjibu nini?" Anasikia mchungaji au shehe. Na anasikia baraza, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kabla ya kwenda mahakamani kudai talaka mpitie kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, ukiacha mazingira machache ambayo mahakama inaweza kuruhusu msipite. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Kifungu cha usuluhishi kila mtu mtaani anakijua. Cha 66 muulize mjumbe wako uone.

Vyote hivyo vinaitwa ushauri, na karibu vyote kazi yake ni kuunganisha ndoa. Msaada wa kisaikolojia unaozungumzwa kwenye zile tafiti si huo. Pale Nairobi hakuna aliyelipwa kumrudisha mtu kwa mumewe. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa 2013 kwa wahudumu wa afya iko wazi: msikilize, usimhukumu, mwamini, angalia usalama wake, muunganishe na msaada, na usimlazimishe kufanya lolote. Usimlazimishe kurudi na usimlazimishe kuondoka. Hata wewe shosti yake mwenye nia njema unayemtumia voisi za dakika saba "toka leo leo", hilo linakuhusu.

Kwa hiyo mtu akisema "tulimpa ushauri haukusaidia", ulizeni ushauri gani. Usije ukahesabu kikao cha soda kwa baba mkubwa ukasema saikolojia imeshindwa.

Najua kuna mdau ameshaanza kuandika "tatizo hili mnalikuza". Sawa. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, uliofanyika nchi kadhaa na kutoka 2005, ulihusisha Dar es Salaam na Mbeya. Hapa Dar, kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mpenzi, asilimia 41 walisema wameshafanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi wao. Mbeya, asilimia 56. Halafu sikia walivyoufanya, maana hapa ndo utajua utafiti wa kweli unafananaje: nyumba moja, mwanamke mmoja tu anahojiwa, faragha kabisa, na mtaani unatambulishwa kama utafiti wa afya ya wanawake, ili mume asije akajua kilichoongelewa na mtu akalipia majibu yake usiku. Linganisha na sisi tunaofungua kura kwenye stori za Insta: "Umewahi kupigwa? Ndiyo/Hapana." Simu yenyewe mume ana neno la siri.

Takwimu za kitaifa za afya za 2015-16 zilikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wameshafanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Za 2022 zikakuta asilimia 27. Imeshuka, na ningependa kuamini ni kweli imeshuka. Ila jambo la kuulizwa mlangoni linategemea pia nani anauliza na nani yuko chumba cha pili, kwa hiyo nafurahi kwa tahadhari. Kilichoniuma zaidi ni swali lingine la 2015-16: asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba kuna sababu zinazomruhusu mume kumpiga mke. Wanaume walikubali asilimia 40. Wanawake wengi kuliko wanaume! Kungwi kazi yake aliifanya.

Tukirudi kwa swali la saluni. Kama tiba ya moyo haijathibitika kuzuia kipigo, kuna kinachozuia? Hapa kuna mambo matatu, na moja limefanyika hapahapa kwetu.

Mwanza walijaribu mradi unaitwa MAISHA. Wanawake 1,049 waliokuwa kwenye vikundi vya mikopo, vikundi 66. Nusu ya vikundi vikaongezewa mafunzo ya vikao kumi kuhusu mahusiano, mamlaka ndani ya nyumba, jinsi ya kuongea na mwenzi bila kuwaka. Si terapi, ni darasa la wanawake wanaojuana, wenye hela kidogo mkononi. Matokeo yalitoka 2019, na kwenye vikundi vilivyopata mafunzo kipigo kilipungua. Ukatili wa kingono haukuonyesha kupungua kwa namna ya kutegemewa. Ukiwa na mama yako, dada yako au wewe mwenyewe kwenye kikoba, fikiria maana yake. Jumamosi ile mnayokaa kuhesabu hisa, kumbe kuna kitu kingine kingeweza kukaa palepale.

Lusaka, Zambia, walienda mbali zaidi. Familia 248 ambazo mume anakunywa pombe kwa kiwango cha hatari na mke anapigwa. Wakawatibu wote, mke upande wake na mume upande wake, kwa watu wa kawaida waliofundishwa. Kundi la kulinganisha nalo lilikuwa linafuatiliwa usalama wake. Baada ya mwaka mmoja, ukatili ulikuwa umeshuka zaidi kwa waliotibiwa, kiasi kwamba wasimamizi waliamua kuusimamisha utafiti kabla ya muda wake, maana matokeo yalikuwa yameshaonekana. Hiyo 2020. Yaani jibu la swali la yule dada, "waume zao walikuwa wapi", kwa Lusaka ni: walikuwa kwenye vikao.

Halafu kuna Kinondoni. Hii nataka niiseme polepole kwa sababu ni yetu, na wengi hawaijui. Manzese, Tandale, Mabibo, Mwananyamala, enzi zote zikiwa bado Kinondoni kabla Ubungo haijagawanywa. Watafiti wakaona vijana wa kiume wanakaa vijiweni, vijiwe vyenye jina, viongozi na hata michango. Wakasema tuingilie hapo. Mradi ukaitwa Vijana Vijiweni. Vijiwe kama 60, wanaume zaidi ya 1,200. Baadhi wakapewa mikopo midogo na mafunzo ya biashara, na viongozi wa kijiwe wakafundishwa kuongea na wenzao kuhusu afya na kuhusu kutopiga wapenzi wao. Wakafuatiliwa miezi 30. Matokeo yakachapishwa 2020: hakukuwa na tofauti ya maana kati ya vijiwe vilivyopata mradi na ambavyo havikupata. Kwa pande zote mbili waliosema wamempiga mpenzi walipungua kadiri muda ulivyokwenda, lakini mradi haukuongeza kitu.

Wangekuwa watu wa kutafuta kiki wangechukua ile "walipungua" wakaibandika kwenye bango. Hawakufanya hivyo. Waliandika kwamba haikufanya kazi walivyotarajia. Mimi hapo ndo nawavulia kofia kuliko hata waliopata matokeo mazuri, kwa sababu nimezoea kuona taasisi na mastaa wetu wakizindua kampeni dhidi ya ukatili, fulana zimechapwa, siku 16 zimeisha, na hakuna hata mmoja anayerudi kuuliza kama kuna mwanamke mmoja aliyepigwa pungufu.

Kwa hiyo maoni yangu, ukitaka kuyajua, ni haya. Tuendelee kusema msaada wa kisaikolojia, tena kwa sauti kubwa. Kulala usiku, kuamka na kufungua genge, kuacha kujiona takataka, hivyo si vitu vidogo na ushahidi wake upo. Mwanamke hahitaji kuondoka kwanza ndo astahili kulala. Ila tuache kuuza terapi kama daladala ya kumtoa nyumbani. Kinachomtoa ni kodi ya chumba, nauli, mahali pa kuwaweka watoto, dawati la jinsia polisi linalompokea bila kumuuliza alivaa nini, PF3 inayotoka bila mizunguko, na familia isiyomrudisha. Na kinachomzuia mwanaume kupiga lazima kimguse mwanaume mwenyewe. Haiwezekani mmoja apige, mwingine ndo apelekwe kutibiwa, halafu tuite hilo suluhisho.

Pili, tuache kudhani msaada huu ni wa mastaa na watu wa Masaki. Tafiti zetu bora, Nairobi, Kivu, Lusaka, zote zilitumia watu wa mtaani waliofundishwa vizuri na kusimamiwa. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hao watapita Chamazi, Tandika, Bunju, Boko, milango ileile. Watapima mapafu, uzazi, lishe. Mimi swali langu kwa diwani wangu, na wewe muulize wako, ni kama kwenye mafunzo yao kuna hata wiki moja ya kujifunza kukaa na mwanamke aliyepigwa, na kama kuna mtu wa kumsimamia mhudumu huyo asije akamwambia "vumilia, mama". Mafunzo bila usimamizi ni kungwi mpya mwenye kitambulisho.

Tatu, hawa washauri wa mitandaoni. Wapo wazuri, nawajua wawili watatu. Wapo pia ambao juzi walikuwa wanauza mawigi. Kabla hujamtag mmoja kwenye jeraha la mtu, muulize amesomea wapi, nani anamsimamia, na afanye nini mteja akimwambia "usiku huu ananiua". Asiyekuwa na jibu la swali la mwisho asipewe mtu.

Nilirudi saluni wiki mbili baadaye, namba zangu zote kichwani. Yule dada hakuwepo. Msusi akasema huwa anakuja mwisho wa mwezi, akitumiwa hela na kaka yake. Nikamwachia ujumbe kwamba nimepata jibu la swali lake, au nusu ya jibu. Msusi akaniambia niseme tu, atamfikishia. Nikafikiria, nikaona bora nisimpe mtu mwingine maneno ya kumfikishia kuhusu jambo hilo. Nikamwambia nitamkuta mwenyewe.